Ni nani aliandika? Ufunguo moja, jina moja, na mwenzetu tuliyemukosea



Mu huu ukurasa tumezoea kuuliza wengine. Tunaulizaka ni nani alitia sahihi ku karatasi ya barabara ambayo haijajengwa. Tunaulizaka ni nani alipokea pesa ya bomba ambalo halitoe maji. Leo tunajiuliza sisi wenyewe, na tunajiuliza mbele yenu, juu nyinyi njo mulidanganywa: ni nani aliandika lile tangazo la uongo ku ukurasa wetu wa Facebook?

Jibu yetu ni fupi, na inauma. Hatujui. Na kwa namna tulikuwa tunafanya kazi, hatutajua hata siku moja.

Mulio wengi munakumbuka. Tulikuwa tumetayarisha maandamano ya maji. Barua ilikuwa imefika ku meri mbele ya wakati, sawa Katiba inavyoomba ku kifungu cha 26: uhuru wa kuandamana unalindwa, wenye kutayarisha wanapaswa kujulisha wakubwa kwa maandishi. Mabango yalikuwa tayari. Halafu, usiku wa mwisho, ku ukurasa wetu kukatokea tangazo lenye alama yetu na salamu yetu ya kila siku: maandamano yamefutwa, tumesikilizana na wakubwa, kila mutu abakie nyumbani kwake. Umeme ulikuwa umekatika mu mitaa mingi, telefone zetu nyingi zilikuwa zimezimika. Tuliliona asubui, wakati watu walikuwa wamekwisha kulisoma na kulitumiana usiku muzima.

Ku mwanzo wa maandamano hatukufika hata watu hamsini. Mama moja alikuja na bidoni yake ya njano, tupu, sawa tulivyoomba. Alituangalia, akauliza: "Waliwapatia ngapi?" Hatukuwa na jibu. Alirudi na bidoni yake.

Siku ile ile tulitafuta mwenye kosa, na tulimupata mu dakika tano. Njo hapo kosa yetu ya kweli ilianzia.

Ukurasa wetu ulikuwa unaendeshwa na akaunti moja tu, akaunti ya kamarade moja, yenye kufunguliwa na namba yake ya telefone. Tuliangalia ile orodha inayoonyesha mahali akaunti imefunguliwa. Hakukuwa mulango mupya. Hakukuwa mugeni. Kulikuwa paka jina lake. Tukasema: njo yeye. Tulimutoa mu kikundi cha WhatsApp bila kumusikiliza. Wengine walimwita msaliti. Wengine walienda mupaka kuambia wazazi wake. Wiki tatu nzima, mwenzetu ambaye alilala mu kasho pamoja na sisi, mwenye alitoa pesa yake ya kula kusudi tununue rangi ya mabango, alipita mu barabara na watu wakageuza uso.

Kisha alikuja ku mukutano bila kuitwa. Hakujitetea sana. Aliuliza swali moja tu: "Ile faili ya sesioni, iko mahali ngapi?"

Tukaanza kuhesabu. Iko mu ordinatere ya ofisi. Iko mu fleshi ya mwenye kushugulikia picha. Iko mu fleshi ingine, yenye tulipoteza. Iko mu email, juu siku moja tulitaka kufanya kazi tukiwa mbali. Na iko, ao ilikuwa, ku nyumba moja ya kuchapisha na kutoa fotokopi, mahali tulienda siku umeme ulikosekana kwetu. Mahali tano. Yeye mwenyewe alikuwa na moja tu kati ya zile tano. Zile ingine nne, ni sisi tulizizalisha.

Watu wakanyamaza mu chumba.

Sasa tunapaswa kuwaelezea ile faili ni nini, juu hii haiko hadisi yetu peke yetu. Wengi wenu muko na kitu sawa hiyo mahali fulani, na hamujui.

Ukiingia ku hospitali kubwa asubui, unafika ku dirisha. Unataja jina, unaonyesha karatasi, unalipa. Wanakupatia jetoni yenye namba. Toka pale, hakuna mutu anakuuliza jina tena. Ku mulango wa daktari wanaita namba. Ku laboratware wanaangalia namba. Mwenye kushika jetoni njo mugonjwa. Kama jetoni imeanguka na mutu ingine ameiokota, yeye njo ataingia, na mu kitabu kutaandikwa jina lako.

Mu intaneti ni vile vile. Ukurasa wa mutandao hauna kumbukumbu. Kila mara unabonyeza, ni kama unafika mara ya kwanza. Kusudi ukukumbuke, mu mwaka wa 1994 mufanyakazi wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alivumbua kitu kidogo kinachoitwa kuki: maandishi machache yenye seva inapatia kivinjari chako, ile Chrome ao Firefox, na kivinjari kinayarudisha kila mara. Ukiisha kuandika neno la siri, ukiisha kuandika hata ile kode ya SMS, seva inakutolea jetoni. Kutoka pale mupaka siku sesioni itafungwa, seva haiulize neno la siri tena. Inauliza jetoni.

Njo maana yake: neno la siri liwe na herufi makumi ine, kode ya SMS iwe inakuja kila mara, kama mutu amekopia jetoni yako, amepita nyuma ya zote mbili. Haingii upya, anaendelea mahali wewe ulikuwa. Njo juu ya nini ku ile orodha hatukuona mulango mupya. Hakuna mulango uliofunguliwa. Ulikuwa wazi tangu zamani, na ni sisi tuliuacha wazi.

Na roboti inaingia wapi? Kati yetu kuko waliosoma informatike, wako na diplome na hawana kazi. Moja wao aliona namna tunateseka: kuandika tangazo mu Kifaransa, mu Kiswahili na mu lugha ya nyumbani, kuliweka saa fulani, kujibu mamia ya ujumbe, yote na mega za kuhesabu na umeme wa saa mbili. Akatumia ujuzi wake. Kuko programu za bure ambazo zinaendesha kivinjari bila mutu: Selenium, iliyoanza mu 2004, Puppeteer, iliyotolewa na watu wa Google mu 2017, Playwright, ya Microsoft, ya 2020. Zinafungua ukurasa, zinabonyeza, zinaandika, sawa mutu. Kote mu dunia watu wa informatike wanazitumiaka kila siku kusudi wajaribu kama programu zao zinafanya kazi muzuri.

Lakini roboti ikifika ku mulango wa Facebook, inaombwa neno la siri na kode. Kode inaanguka mu telefone ya mwenye akaunti, na telefone yake imezimika. Kwa hiyo watu wa kazi hiyo wako na njia inayojulikana: mutu anaingia mara moja, kwa mikono yake, kisha programu inahifazi sesioni yote mu faili moja. Mara ingine roboti inaanza na ile faili, inajikuta iko ndani. Unaweza kuipatia kivinjari cha pili, cha tatu, cha kumi. Wote wanaingia bila kuulizwa. Inapunguza wakati, inapunguza mega. Ni kazi ya akili, na hatutamulaumu aliyeifanya.

Shida ni kwamba ile faili ni maandishi ya wazi. Haina kufuli. Ukiifungua na programu yoyote ya kuandika, unaona jetoni zote zimepangwa pale. Wenye kutengeneza Playwright wenyewe wanaonya mu maelezo yao kwamba ile faili inaweza kutumiwa na mutu kujifanya wewe, na isiwekwe mahali wengine wanachukua kodi ya programu. Sisi tuliiweka mu fleshi. Pamoja na muziki na picha za arusi.

Kuko jambo lingine, na ni zito kuliko lile tangazo la uongo. Ile sesioni haikuwa ya ukurasa. Ilikuwa ya akaunti ya mwenzetu mwenyewe. Mwenye kuwa na faili aliweza kusoma ujumbe wake wote: wa mama yake, wa muchumba wake, wa watu waliomwamini. Kwa miezi mingi, watu kama saba kati yetu tulikuwa na ufunguo wa chumba chake cha kulala. Katiba yetu, ku kifungu cha 31, inasema kila mutu ana haki ya kuheshimiwa mu maisha yake binafsi na ya siri ya barua na mawasiliano yake. Tunakisomaka kile kifungu kwa sauti wakati telefone zetu zinakamatwa na kufunguliwa. Hatukukisoma wakati sisi njo tulikuwa tunafungua ya mwenzetu.

Musifikirie haya yanafikia paka watu wasio na mali kama sisi. Mu Septemba 2018, Facebook ilitangaza kwamba wezi walipitia kosa mu programu yake na kuiba jetoni za kuingia za watu wengi. Ilisema kwanza karibu akaunti milioni 50, kisha ikasema karibu milioni 30. Kampuni ilifanya nini? Ilitosha watu milioni 90 inje ya akaunti zao kwa mara moja, kusudi kila moja aingie upya. Haikuwaomba wabadilishe maneno ya siri, juu maneno ya siri hayakuibiwa. Kilichoibiwa ni jetoni, na dawa ya jetoni ni kuiua.

Mu Machi 2023, chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, ya Canada, yenye mamilioni ya wafuasi na inayofundisha watu mambo ya ordinatere, ilitekwa. Mufanyakazi alifungua faili iliyokuja na email ya uongo ya biashara. Ile faili ilikopia jetoni za kivinjari chake. Walikuwa na neno la siri nguvu, walikuwa na kode ya pili. Havikuwasaidia. Wezi walionyesha video za utapeli wa pesa za mutandao kwa jina la wenye chaneli.

Kama wale wenye ma-studio na umeme wa saa makumi mbili na ine waliweza kunyanganywa, sisi wa mishumaa tuache kujidanganya.

Tunajua mutasema nini, juu sisi pia tulisema vile: "Hatuna njia. Ordinatere ni moja, mega ni kidogo, telefone inazimika. Kila mutu na ufunguo wake, hiyo ni mambo ya wenye pesa." Tuliiamini mupaka juzi. Lakini tumeangalia vizuri, na tumeona umaskini haukutulazimisha. Ukurasa wa Facebook unaweza kuwa na watu wengi wanaouendesha, kila moja na akaunti yake, bila kulipa hata franka. Unaweza kumupatia moja ruhusa ya kuandika, mwingine ya kujibu ujumbe tu. Mutu akiondoka, unamutoa yeye peke yake. Na wenye kuendesha ukurasa wanaweza kuona ni nani kati yao aliweka tangazo. Hata kupanga tangazo litoke saa fulani, Facebook yenyewe inatoa hiyo njia bure, bila roboti. Na kama mutu anataka programu yake iandike, kuko mulango uliotengenezwa kwa ile kazi, unaotoa ruhusa ndogo, yenye kuhusu ukurasa tu, na ambayo inaweza kufutwa wakati wowote bila kugusa ujumbe wa mutu. Tena Facebook inakataza kuingia na roboti na kukusanya vitu bila ruhusa yake. Tungeweza kufungiwa ukurasa wote kwa kosa ile.

Kwa hiyo haikuwa umaskini. Ilikuwa mazoea. Tuko watu wa kukopeshana: chaja, chumvi, viatu vya kwenda ku mahojiano ya kazi. Ni tabia nzuri, na hatutaiacha. Lakini kuko vitu ambavyo havikopeshwe, sawa sahihi yako. Ukimukopesha mutu viatu, vinarudi. Ukimukopesha sahihi, hauna tena namna ya kusema "haiko mimi".

Na hapa njo tunafika ku mizizi. Mu hii inchi, uchafu mwingi unafanyikaka nyuma ya "sisi". Ni nani aliamua? "Ofisi iliamua." Ni nani alibeba pesa? "Huduma ilibeba." Kila mutu alikuwa na ufunguo, basi hakuna mutu alifungua. Tulianza harakati hii kusudi tukatae ile "sisi" isiyo na uso. Na tazama, mu nyumba yetu wenyewe tulikuwa tumejenga ile ile: ufunguo moja kwa watu wote, na jina moja la kubeba lawama. Mukubwa anatafutaka mudogo wa kutupia kosa. Sisi tulimutafuta mwenzetu.

Tuseme pia neno juu ya wale vijana ambao hawaendeshe ukurasa wowote, lakini wanatafuta kazi. Tunawajua, juu ni sisi. Hauna ordinatere, unaenda ku nyumba ya kuchapisha. Kijana wa pale anakufungulia email, anakuandikia ku ukurasa wa ajira ao wa burse, anakupigia picha ya diplome. Kisha anakuambia: "Uende tu, nitakuangalilia kama jibu imefika." Ni mutu muzuri, na mara mingi anasema kweli. Lakini namna atakuangalilia ni kwamba sesioni yako inabakia wazi mu ordinatere yake, pamoja na za wengine makumi. Wengine wamekwisha kuweka roboti ambayo inazungukia zile akaunti zote kila asubui. Mu email yako muko diplome, karatasi ya uraia, namba ya telefone inayoshika pesa yako. Siku ile ordinatere inauzwa, inaibiwa, ao inatengenezwa na mutu mwingine, wewe wote umeuzwa pamoja nayo. Hatuseme mukatae kazi ya wale vijana. Wengi wao ni walisanse wasio na kazi kama sisi. Tunasema: mbele ya kuondoka, uombe ukae wewe mwenyewe ku kibodi, na ubonyeze "kutoka". Na kijana wa nyumba ya kuchapisha naye, kama anasoma hapa: mukumbushe mteja wako. Utapata wateja zaidi, si kidogo.

Muangalie vizuri lile neno, "kutoka". Kufunga dirisha haiko kutoka. Kuzima ordinatere haiko kutoka. Kufuta faili ku fleshi haiko kutoka, juu jetoni inaishi ku seva, na kopi ya pili inaendelea kufanya kazi. Hata kubadilisha neno la siri, kuko mitandao ambayo inafunga sesioni zingine pale pale, na kuko ingine ambayo haifungi mupaka uombe. Dawa ya hakika ni moja: uingie mu mipangilio ya akaunti, utafute orodha ya vyombo ao mahali umeingia, na ubonyeze kutoka ku vyombo vyote. Pale seva inakufisha jetoni, na kopi zote, hata yenye haujui iko wapi, zinabakia karatasi tu.

Njo yenye tumefanya, na njo yenye tumeamua. Tunaiandika hapa kusudi mutuhukumu nayo:

1. Sesioni zote za zamani zimefungwa kutoka ku seva, mbele ya watu watano. Mwenzetu alibonyeza yeye mwenyewe, ku telefone yake.

2. Ukurasa sasa unaendeshwa na watu wane, kila moja na akaunti yake na kode yake. Akaunti ya mutu haitatumiwa tena na mutu mwingine, hata kwa dakika moja, hata kama ni mukubwa wa harakati anaomba.

3. Roboti yetu imesimama. Itarudi siku itapitia mulango unaoruhusiwa, na ruhusa ya kuandika peke yake. Aliyeitengeneza njo ataongoza ile kazi, juu ujuzi wake ni mali yetu.

4. Hakuna faili ya sesioni itawekwa mu fleshi, mu email, mu WhatsApp, ao mu ordinatere ambayo si yetu. Mwenye kuiona mahali, aseme mbio. Hatapewa azabu kwa kusema.

5. Tangazo lolote la kufuta ao kuhamisha maandamano litatoka mahali pawili: ku ukurasa, na mu midomo ya wajumbe wa mitaa. Kama munaliona mahali pamoja tu, musiliamini. Mukuje.

6. Hakuna mwanaharakati atafukuzwa tena bila kusikilizwa, hata kama mashini inasema ni yeye. Mashini inaonyesha jetoni. Haionyeshe mukono.

Hii namba sita iandikeni mu vichwa. Kesho inaweza kuwa polisi, ao mwajiri, ao mwalimu, anakuonyesha ekran na kusema: "Jina lako liko hapa." Tangu 2023 inchi yetu iko na sheria ya mambo ya mutandao, ile inaitwa Code du numérique, ya tarehe 13 Machi, na ndani yake muko azabu kwa makosa ya mutandao na pia ulinzi wa habari za watu binafsi. Ni vizuri. Lakini sheria itasomwa na watu, na watu wakiona jina ku ekran wanafanya haraka sawa sisi tulivyofanya. Tukitaka wengine watusikilize mbele ya kutufunga, tuanze kusikilizana.

Tunawaomba kitu moja kwa leo, na haitabeba mega mingi. Mushike telefone zenu. Mu WhatsApp, muangalie orodha ya vyombo vilivyounganishwa: akaunti moja inaweza kuunganishwa na vyombo vine mbali na telefone yako. Ukiona ordinatere ambayo haujui, ao ya siberkafe ulienda mwaka jana, itoe. Mu Telegram, mu Facebook, mu Gmail, ni vile vile: tafuta vyombo vyako, toa vyenye hauvijui. Kisha musaidie mutu moja nyumbani afanye vile: dada, baba, jirani anayeuza unga kwa WhatsApp. Muache yeye mwenyewe abonyeze. Ni dakika tano.

Ku yule mama wa bidoni ya njano: hakuna mutu alitupatia kitu. Lakini uliuliza vizuri, na tulipaswa kuwa na namna ya kukuonyesha. Siku ingine tutakuwa nayo. Maji bado hayajafika kwako, tunajua. Maandamano yatapangwa upya, barua itaandikwa upya, na tutapita mutaa kwa mutaa kuwaambia kwa midomo yetu.

Na kwako, kamarade. Tulikuita msaliti mbele ya watu, basi mbele ya watu tunasema: haukuwa wewe tulipaswa kutafuta. Ulitupatia akaunti yako kwa moyo, tukaifanya bomba la watu wote, na siku maji machafu yalipita tukakuonyesha kidole wewe. Tulikosa. Wajumbe wetu wamekwisha kwenda kwa wazazi wako kusema haya kwa mudomo. Umerudi mu kikundi, na mu kikundi hatujakuandalia kiti cha nyuma. Ile swali uliuliza ya faili ngapi, ni swali tulipaswa kujiuliza siku ya kwanza.

Hili tangazo limeandikwa na watu wane. Majina yao yanajulikana na wanaharakati wote, na kila moja ameliweka kwa ufunguo wake.

Tuko pamoja. Hatuchoke.